Alama za Mdakaji wa Hayes

Mume wangu Soud si mtu wa kusifu kitu anachokipenda. Pilau ikinoga atakula sahani mbili, kisha aseme nyama ilikuwa ngumu. Tulipopewa nyumba ya kaunsili pale Hayes, magharibi ya London, yenye bustani nyuma na dirisha la jikoni linaloingiza jua asubuhi nzima, aliwapigia simu ndugu zake Unguja akawaambia tumepata kibanda. Nilikuwa nikimcheka, lakini mimi mwenyewe sikuwa na nafuu. Ghalib wetu alipozaliwa, mwaka themanini na sita, nesi wa Kiingereza alimwinua mbele ya wodi nzima akasema hajaona mtoto mzuri kama huyu, na mimi, kwa kuogopa kijicho, nikamwomba amfunike upesi.

Soud alikuwa na sababu yake. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa golikipa wa timu ya mtaa kule Ng'ambo, na wazee walioona mpira wake wanasema mikono yake ilikuwa na gundi. Ijumaa moja alasiri, uwanja wa Mnazi Mmoja, alidaka penalti mbili, na mtu mmoja akasimama kwenye majani akapaza sauti: "Mikono ya kijana huyu itampeleka Ulaya!" Hakusema mashallah, hakusema nini. Siku tatu baadaye Soud alianguka baskeli kwenye njia iliyonyooka, haina jiwe wala shimo, akavunjika kiwiko cha mkono mahali pawili. Golini hakurudi tena. Mikono ikaja ikampeleka Ulaya kweli, kama anavyopenda kusema mwenyewe, lakini kushika fagio.

Fagio lenyewe alilishika mwaka tisini na tatu, kwenye kambi ndogo ya jeshi la Wamarekani karibu na Ruislip, mabasi mawili kutoka kwetu. Nyuma ya jengo la kulia chakula palikuwa na uwanja wa besiboli. Soud hakuwa akiujua mchezo huo hata kwa jina. Alikuwa akifagia, akifika pale penye uzio nyuma ya mdakaji, fagio linasimama lenyewe. Aliniambia baadaye kwamba siku ya kwanza alidhani anaota, maana aliona mtu amechutama kwenye vumbi, amevaa barakoa ya vyuma, mipira inamjia kwa kishindo na yeye anaipokea kwa upole, moja baada ya moja, jua likimpiga mgongoni. Golikipa huona mpira mara kumi kwa mchezo mmoja, Soud akasema, na huyu anauona mara mia na hamsini. 

Askari aliyekuwa akiifundisha timu alikuwa anaitwa Pruett, mtu mrefu, mpole, mwenye nyusi nyeupe kabla ya wakati wake. Alimzoea huyu mfagiaji wa nyuma ya uzio. Siku moja akamuuliza, kwa mzaha, unaona nini hapo? Soud akamjibu kwamba mdakaji amechoka mguu wa kushoto na karibu ataanza kukosa. Haikupita robo saa, mipira miwili ikamponyoka yule kijana. Pruett alivua kofia yake akamvisha Soud, na kuanzia hapo akawa anamfundisha kila alichokijua.

Basi na mimi nikafundishwa, nitake nisitake, mezani, wakati nachambua mchele. Mdakaji ndiye anayechutama nyuma ya mwenye gongo. Ndiye anayemwambia mtupaji atupe mpira gani, kwa ishara za vidole. Na mkimbiaji wa upande wa pili akijaribu kuchomoka aende besi ya pili, kituo kinachofuata, kwa wizi, mdakaji lazima ainuke na kuurusha mpira mpaka huko, na yote hayo yaishe ndani ya sekunde mbili. Sekunde mbili, Zainab! Soud alikuwa akiniambia, ameinua vidole viwili juu ya sinia langu. Zaidi ya hapo mwizi kapita.

Mwaka tisini na nane Pruett aliacha jeshi. Timu moja kubwa ya kwao ikamwajiri awe anazunguka Ulaya kutafuta vijana wenye kipaji, Uholanzi, Italia, Ujerumani. London hakuwa na muda nayo, kwa hiyo alimwachia Soud bunda la fomu akamwambia, hapa wewe ndiye mtu wangu. Ukiona kijana, niandikie. Fomu zile zilikuwa na alama kuanzia ishirini hadi themanini. Ishirini ni wa kurudishwa nyumbani, hamsini ni mtu wa kutegemewa, themanini hutokea mara moja katika umri wa mtu. Soud alizihifadhi kwenye droo ya vijiko, ndani ya mfuko wa plastiki, na mimi nikakatazwa kuweka hata kisu juu yake.

Ghalib alikuwa akienda kambini na babake kila Jumamosi tangu ana miaka saba, kucheza na watoto wa askari. Alipofika kumi na tatu alivaa barakoa ya mdakaji, na hapo ndipo Soud aliponyamaza. Timu yake ilikuwa inacheza Jumapili kwenye uwanja wa wazi upande wetu wa Hayes, na mimi nilikuwa naenda na chupa ya chai na vitumbua, nakaa kwenye kiti cha kukunja. Nikizikumbuka Jumapili zile naona kama zote ni moja, ndefu, haina saa. Ndege zinashuka Heathrow na magurudumu nje, vivuli vyake vinapita juu ya majani, vinampita mwanangu mgongoni, naye hainui kichwa. Mpira unaingia kwenye glavu, tap, na baada ya muda mrefu, tap. Soud amefumba macho nusu, anaupima kwa masikio.

Nyumbani alikuwa akiniambia ndoto zake. "Nimemuota kijana mmoja," angesema asubuhi, akichovya mkate kwenye chai. "Yuko Marekani. Uwanja wa kijani, hauna mwisho, Zainab, na watu wote wamenyamaza, wanamngoja yeye tu ainuke." Hakusema kijana gani, na mimi sikuuliza. Tulikuwa tukimzungumza kijana mmoja huyo miaka mingapi sijui, tumemjengea na nyumba kule, tumemwekea na mke, bila ya kumtaja jina hata siku moja.

Septemba ya mwaka elfu mbili na mbili Ghalib alikuwa na miaka kumi na sita. Pruett aliandika kwamba timu yake inatafuta mdakaji mmoja kijana kutoka Ulaya, wa kumchukua na kumlea kwao. Jumapili asubuhi Soud akatoa fomu kwenye droo, akachonga penseli, akakaa mezani. Nilipita nyuma yake na kikombe, nikachungulia. Mikono, sitini. Kutupa, hamsini na tano. Akili ya mchezo, sitini na tano. Na juu, jina la mwanangu kwa herufi kubwa.

Nikaweka kikombe mezani.

"Baba Ghalib, umeandika sitini?"

"Ndivyo alivyo."

"Na unaitia posta? Ipite mikono ya watu wote hao, waone jina lake na sitini? Kwani weye umesahau ile baskeli?"

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa. "Pruett si mtu wa kijicho," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Pruett sawa. Na wenzake? Na wakubwa zake? Ipunguze, bwana. Mtu mwenye macho atamuona mwenyewe akija."

Akaichukua raba akafuta. Sitini ikawa thelathini na tano, na nyingine zikafuata. Alipuliza vumbi la raba likaenda kwenye kitambaa cha meza, akanionyesha karatasi, nami nikapumua. Nilimmiminia chai nyingine na kumwekea kitumbua juu. Tulijiona wazazi wenye busara asubuhi ile.

Jibu halikuja. Mwaka uliofuata aliandika tena, thelathini na tano, na mwaka uliofuata tena. Vijana wa watu wengine Soud aliwapa haki yao bila woga. Kulikuwa na mtupaji mmoja, Cédric, mtoto wa Wakongo wa Tottenham, rafiki wa Ghalib, huyo alimwandikia hamsini na tano na pembeni akaandika Mashallah. Pruett alipiga simu kuuliza hiyo ni alama gani.

Ghalib alikuwa amemaliza koleji, anafanya kazi ghala moja karibu na uwanja wa ndege, anapanga maboksi. Jioni moja nilikuwa namfulia jezi yake, akaja akaegemea mlango wa jikoni.

"Mum, did Dad ever send anything about me?"

"Babako anajua anachofanya."

"He rates Cédric. He told him to his face. Me, he's never said one thing."

"Haya, shika huku tukamue."

Alishika. Tukakamua jezi kila mtu upande wake, maji yakitiririka kwenye sinki, na mimi nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza. Nilidhani namlinda.

Juni ya elfu mbili na tano Pruett alikuja London kumtazama Cédric. Nyusi zilikuwa nyeupe zaidi na goti linamsumbua, kwa hiyo nilimpa kiti changu, nikamtilia chai ya iliki. Aliinywa akasema anaota amerudi kambini. Siku ilikuwa ya jua laini, ndege zinashuka, na Cédric anatupa vizuri. Soud alikuwa amesimama pembeni yetu, mikono nyuma, anamwelezea mtupaji wake kama dalali.

Mkimbiaji wa kwanza akachomoka kwenda besi ya pili. Ghalib aliinuka. Mimi nimemuona akiinuka mara nyingi lakini siwezi kueleza anavyofanya, maana huoni anapoanza. Mpira ulifika na mkimbiaji bado yuko njiani, akasimama, akacheka peke yake. Pruett alibonyeza saa yake ya kupimia, akaiangalia, akaitikisa, akaiweka sikioni. Alingoja. Baada ya nusu saa mwingine akajaribu, na Ghalib akamtoa vilevile. Safari hii Pruett alinionyesha mimi saa. Sekunde moja na pointi tisini na mbili.

"Nani yule?" akamuuliza Soud.

"Yule? Wa hivi hivi tu," Soud akasema. "Anajaribu."

"Anaitwa nani?"

"Ghalib," nikasema mimi. "Mwanetu."

Pruett aliweka kikombe chini. Alifungua mkoba wake, akatoa faili, akapekua mpaka akazipata zile karatasi tatu, akazishika zote pamoja kwenye goti bovu. Mchezo ulikuwa unaendelea mbele yetu, tap, na tap. Alizungumza polepole. Alisema katika kazi hii amesoma ripoti za akina baba wengi, na kila baba humwongezea mwanawe alama kumi na tano, ndiyo desturi, naye huziondoa. Akamtazama Soud. Alipoona baba amempa mwanawe mwenyewe thelathini na tano, alijua kijana hana lolote kabisa na babake ni muungwana anayeona haya kuandika ishirini. Hakuzisoma zaidi ya mstari wa kwanza.

Kisha akauliza swali ambalo Soud alikuwa analingoja, nililiona shingoni mwake. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Pruett akatikisa kichwa. Nafasi ile ya mdakaji walimpa kijana wa Kiholanzi, mwaka uleule wa elfu mbili na mbili. "Huyu wenu," akasema, "akiwa na kumi na sita ningekuja kwa miguu." Sasa wenzake wa Marekani wa umri wake wamecheza mechi mia tano zaidi yake, na wakubwa zake hawatamsikiliza. Akaomba baada ya mchezo ampe kijana mkono. Nilitamani asiombe hivyo. Ghalib alikuja akitoka jasho, amefurahi, akapewa mkono na mtu aliyemtazama kama aliyekuja msibani, na akarudi akituangalia mmoja mmoja.

Pruett alipoondoka, Soud hakungoja. Aliketi kwenye majani, mtu mzima na suruali yake safi, mbele ya mwanawe aliyekuwa anafungua kinga za miguu.

"Mwanangu, nimekuangusha mimi," akasema, na akamwambia yote, alama, posta, Mholanzi. Alisema yeye ndiye aliyeandika, na yeye ndiye aliyefuta. Hakusema aliyemwambia afute. Nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya chai mkononi, na sikufungua mdomo.

"Three years?" Ghalib akauliza.

"Mitatu."

"You wrote down that I was rubbish. Three times. And you posted it."

"N'nakuogopea, baba. Nilidhani..."

"Don't." Alizifungua kinga zote mbili, akaziacha palepale kwenye majani, akaenda Tottenham na Cédric. Alikaa huko kwa wazazi wake Cédric siku ishirini na sita.

Nyumba ikawa ya watu wanaotembea usingizini. Soud alikwenda kazini, akarudi, akakaa bustanini na viatu. Aliniambia yule kijana mmoja hamuoti tena, anaota uwanja mtupu na majani yameota marefu. Mimi nilimkasirikia siku kumi nzima. Nilipika kwa kishindo, nikamwekea sahani bila neno, nikampigia simu dada yangu nikamweleza jinsi mume wangu alivyomuharibia mtoto maisha. Nilisema hivyo hasa, aliyemuharibia mtoto maisha. Siku ya kumi na moja nilikuwa nafuta meza, nikaona kwenye mshono wa kitambaa punje nyeusi kama vumbi la raba, uchafu tu wa mkate pengine, nikakaa chini sakafuni nikalia kwa sauti. Yeye alikuja mbio kutoka bustanini. Nilimwambia, mbona hukunitaja? Akasema, ningekutaja ili iweje, penseli nilishika mimi.

Ghalib alirudi Jumapili moja asubuhi kuchukua nguo zake. Alipanda juu, akashuka na begi, akasimama mlangoni pa jikoni kama anayengoja basi. Amekonda kidogo, mwanangu. Soud alikuwa mezani, hakuinuka.

"Dad," akasema. "The real one. What was it?"

Alikuwa anaitaka alama ya kweli. Soud akavuta droo ya vijiko akatoa fomu, moja ya zile za mwisho, akatafuta kalamu ya wino. Akaandika kwa Kiswahili. Nadhani Kiingereza alikiona kimekwisha kuchafuka kwa uongo. Aliandika muda mrefu, akifika mahali anafumba macho, anakunja midomo, anaandika tena, na sisi wawili tunamngoja, jua limejaa jikoni. Ghalib aliweka begi chini bila kujua kama ameliweka. Alipomaliza, babake alimsukumia karatasi. Ghalib aliitazama akanipa mimi. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukisoma ni shida.

Nikasoma. Mikono, sitini na tano, hakuna mpira unaomshtua. Kutupa, hamsini na tano, na angefika sitini kama angelishwa na kufundishwa kwa wakati. Mbio, ishirini na tano, anakimbia kama mama yake. Hapo Ghalib alitoa pumzi puani, karibu acheke. Akili ya mchezo, sabini. Anajua mtupaji amechoka kabla ya mtupaji mwenyewe. Akikosewa na mwamuzi hageuzi kichwa. Tangu ana miaka kumi na tatu mimi nafumba macho uwanjani kwa kuogopa furaha itaonekana usoni mwangu. Je, angefika? Sijui, wengi hawafiki. Lakini ningesimama mbele ya mtu yeyote nikasema apelekwe.

Ghalib alikuwa amekuja nyuma ya kiti changu, ameinama, anafuata kidole changu kwenye mistari.

Ukabaki mstari mmoja, wa kasoro za mchezaji. Soud alikuwa ameandika maneno mawili tu.

"Kasoro," nikasoma. "Baba yake na mama yake."

Kidole cha Ghalib kikaja kando ya changu, kikasimama pale maneno yalipoishia.

"It just says Baba, Mum."

Soud aliinua mkono anizuie. Nikamwambia auteremshe, nikaichukua kalamu, na mbele ya mwanangu nikaandika yaliyobaki.